Ndani ya Mkia wa Dakota

Mzee Aloyce alipofariki mwezi uliopita, mkewe Mama Anita alinipigia simu, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniuliza kama nitakuja kumtania marehemu. Hapakuwa na haja ya kuulizwa. Mimi ni Mpare, Mzee alikuwa Mchaga wa Kibosho, na Mchaga akifa mtani wake Mpare hana ruhusa ya kukaa kimya. Nikaenda kwenye ukumbi wa kanisa kule Oakdale, Mama Anita akanipa mlangoni koti la Mzee na kofia yake ya sufu, nikaingia nikiburuta mguu wa kushoto kama alivyoburuta yeye, nikiuliza kwa sauti yake nani ameanza sherehe kabla sijapata supu. Watu walicheka hadi machozi, hata Wakenya ambao mwanzoni walidhani nimerukwa na akili. Niliporudi kwangu Woodbury nilikaa ndani ya gari mbele ya gereji, injini inanguruma, nikalia peke yangu kwa kwikwi. Na kilichonijia pale si sura yake ya uzeeni, wala kitanda cha hospitali. Ulinijia mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa nyumbani kwao, wakati ule nina miaka ishirini na miwili na nasomea uhasibu nisioupenda.

Nilifikaje Minnesota, na kwa nini, si habari ya leo. Ninachotaka kukumbuka ni chumba. Kilikuwa chini ya nyumba, besimenti kama tunavyoita sote huku, na dirisha lake moja dogo lilikaa usawa wa nyasi. Majira ya joto niliona miguu ya sungura ikipita. Majira ya baridi theluji ililifunika lote, mwanga ukaingia wa buluu na hafifu, hata saa sita mchana nikawa kama mtu anayeishi ndani ya maji. Juu ya kitanda palikuwa na tundu la hewa ya moto, na bomba lake lilipitia jikoni, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni lilinishukia pamoja na joto na harufu ya vitunguu. Sikuwa natega sikio. Maneno yalikuja yenyewe nikiwa nimelala na vitabu vyangu kifuani, nusu macho nusu usingizi, na mpaka leo nikifikiria ndoa nzuri nafikiria sauti mbili zinazogombana polepole juu ya dari. Mama Anita alikuwa Mkikuyu wa Nakuru, nesi, na Kiswahili chake kilikwenda mbio. Mzee alitafuna maneno kwanza ndipo akayatoa.

Ilikuwa mwanzo wa masika, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka ukingo wa paa, nilipomsikia Mzee akisema, "Mama amekubali azikwe."

"Nani azikwe?"

"Baba."

Kijiko kilianguka kwenye sinki. Mimi pale chini niliketi kitandani.

Nyumba nzima tulijua habari ya baba yake Mzee. Alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza la Waafrika, akapelekwa kupigana Bama, yaani Burma, huko Asia, wakati Mzee ni mtoto wa kubebwa mgongoni, na hakurudi. Rafiki yake aliyerudi ndiye aliyeleta habari. Alisema walikuwa kwenye bonde la msitu na mvua, barabara hakuna, na chakula chao kilidondoshwa na ndege: mlango unafunguliwa angani, magunia yanamiminika, wengine wanacheka na wengine wanasali. Siku moja magunia yaliangukia ng'ambo ya mto. Baba yake Mzee akatumwa pamoja na wenzake kuyafuata, na hakuna aliyemwona tena. Sasa kwao kule mlimani mtu akifia mbali na mwili usipatikane, ukoo unakata mgomba, unauzika badala yake, watu wanalia, mambo yanakwisha. Bibi, mama yake Mzee, alikataa. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na kitu, akawaambia wazee wa ukoo kwamba hatalilia ndizi. Akakataa mwaka ule na miaka yote iliyofuata, akazeeka bila kuolewa tena wala kuitwa mjane mbele yake, na mumewe akabaki hana kaburi.

"Amekubali, lakini mgomba bado hautaki," Mzee aliendelea. "Anasema migomba anayo shamba zima na hakuna hata mmoja uliomjua baba. Anataka nikija Desemba nimletee kitu kilichotoka huko alikofia. Azike hicho, naye apumzike."

"Sasa Burma utaenda lini na wewe uko na kazi mbili? Na ukifika utabeba nini, mawe?"

"Sijui."

"Na akienda kabla ya December?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha maji ya bomba.

Wiki chache baadaye Anita, binti yao, alipewa kazi ya shule kuhusu vita vile vikubwa, na Jumamosi moja tukaenda sote kwenye uwanja mdogo wa ndege kusini ya Saint Paul, juu ya mto, ambako watu waliostaafu walikuwa wameyajaza mabanda mawili kwa vitu vya vita vilivyofufuliwa. Nilikwenda kwa sababu ya kuchoka na vitabu. Lakini nilipoingia kwenye lile banda kubwa nilisimama. Mwanga ulishuka kutoka vioo vya juu ukiwa na vumbi ndani yake, na chini yake vilikaa vitu vikubwa vilivyonyamaza: lori la jeshi la magurudumu sita limepakwa rangi mpya ya kijani, gari la wagonjwa lenye msalaba mwekundu, ndege ndogo ya kivita imeinua pua, na nyuma kabisa Dakota, ndege ya mizigo, imevuliwa nguo nusu, mbavu zake za mkiani ziko wazi. Kulinukia mafuta, kahawa iliyoungua na bati lililokatwa. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata nafsi yangu inatulia, na kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza mabati ya ndege, inanipata karibu kila siku. Wengine walikutana na maisha yao kanisani au chuoni. Mimi nilikutana na yangu pale, nikiwa na baridi miguuni na njaa.

Anita aliitazama ile ndege akasema, "Dad, it's broken."

"Haijavunjika," Mzee alimjibu. "Inashonwa."

Mwenye kuisimamia alikuwa Lenny, fundi mstaafu, mtu mpana mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Alipenda kusimulia. Alituambia Dakota hii ilikuwa Bama, iliruka juu ya misitu ikiwadondoshea askari chakula, na akatuonyesha mlango mpana ubavuni ambapo magunia yalisukumwa nje kwa miguu. Mzee akavua kofia. Akaenda hadi pale mlangoni, akaweka kiganja kwenye bati la chini yake, lililobonyea na kupauka, akakiacha pale. Lenny alinitazama mimi, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha darasani juu ya bonde, mto, magunia na Bibi. Naye akavua kofia, ingawa nadhani hakujua kwa nini.

"Muulize," Mzee akaniambia bila kugeuka, ingawa Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko changu, "bati bovu wakilitoa wanalipeleka wapi."

Lenny alisema kila bati bovu linatumika kwanza kama kielelezo cha kukatia jipya. Jipya likishakaa mahali pake, la zamani halina kazi, na aliyeshiriki kulibadilisha anaweza kulichukua. Lile la chini ya mlango lingefikiwa mwishoni, baada ya mkia, labda Novemba. Kama Mzee anataka kuja Jumamosi, nguo za kazi zipo. Hivyo ndivyo tulivyoanza, Mzee kwa ajili ya mama yake na mimi, nasema kweli, kwa sababu sikutaka kurudi kwenye hesabu. Lenny alinipima kwa macho akasema wazee wote wa pale wameshindwa kuingia kwenye ncha ya mkia kwa sababu ya matumbo yao. Mimi nilikuwa mwembamba kama fito wakati ule.

Kupiga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati, kunahitaji watu wawili wasioonana. Mmoja yuko nje na nyundo ya upepo, mwingine yuko ndani amekinga kipande kizito cha chuma ili ribiti ijikunje vizuri, na kwa kuwa kelele haziruhusu maneno, wa ndani huongea kwa kugonga bati. Mara moja: piga tena. Mara mbili: imekaa. Mara tatu: imeharibika, itoe. Nilikaa ndani ya mkia miezi yote ya joto, nimejikunja, mwanga ukipenya kwenye matundu yasiyo na ribiti kama maji kwenye chujio, na nje alikuwa Mzee, ambaye mikono yake ilijifunza haraka. Siku nyingine kelele zikikoma nilibaki mle kidogo, nikisikia tu upepo wa mtoni ukisugua banda, na nikawaza wale waliokaa mle ndani kabla yangu, vijana wanaosukuma magunia kwa visigino huku chini ya mawingu kuna watu wasiowaona, wameinua nyuso, wanangoja unga. Nikawaza mmoja wao akivuka mto. Sikujua kama naota au nasinzia.

Mchana tulikula juu ya meza ya kufanyia kazi. Lenny na wenzake walileta mikate ya nyama baridi, sisi tulileta mtori ndani ya chupa kubwa ya chai, maana Mzee alizifuata ndizi mbichi hadi maduka ya Wamexico upande wa magharibi wa Saint Paul. Kila Jumamosi nilimwamkia kwanza shikamoo kwa heshima zote, kisha tukaanza kutukanana. Nikimwambia Mchaga hata akiona ndege ya makumbusho anauliza nauli, ananiambia Mpare kaingia mkiani kujificha, kashindwa kesi ya kuku, maana wao wanasifika kwa kupenda pesa na sisi kwa kushtakiana. Siku moja Lenny alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee ananionea na kama nahitaji msaada. Ikabidi nimfundishe utani. Nikamwambia makabila yetu yana ruhusa ya kutukanana maisha yote, na mmoja akifa mwenziwe ndiye mwenye kazi kubwa msibani: anaweza hata kujilaza mbele ya jeneza, akalizuia lisitoke mpaka abembelezwe, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika.

"Hiyo inasaidia nini?" Lenny aliuliza.

Nilikuwa mtoto, nilijua desturi bila kujua kazi yake.

Novemba ikafika, mto ukaanza kushika barafu pembeni, na tukafika chini ya mlango. Mzee alikuwa amekwisha kata tiketi ya Desemba, na Bibi alikuwa amekwisha waambia ukoo. Kabla ya kulitoa lile bati, Lenny alilipaka dawa ya kuondoa rangi ili aone ribiti zilipo. Rangi ya kijani ikachubuka, chini yake ikatokea ya njano, na ndani ya njano maandishi meusi. Lenny alibadilisha miwani, akasoma, akasoma tena. Lilikuwa jina la shule ya kijeshi kusini mwa nchi hii, ambako vijana walifundishwa kuruka kwa miavuli. Alikwenda kwenye simu ya ukutani akaongea muda mrefu na mtu anayezijua ndege hizo. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema yule aliyewauzia ndege ndiye aliyewaambia ilikuwa Bama, na wao waliamini kwa kuwa walipenda kuamini. Ndege hii ilifundisha vijana vita vyote. Haikuvuka bahari hata mara moja.

Mzee alisema, "Asante kwa kuniambia." Akachukua kitambaa, akafuta dawa iliyobaki kwenye herufi, taratibu, hadi zikasomeka zote.

Usiku ule theluji ya kwanza ilianguka, na kesho yake kutwa maneno yalinishukia kitandani na joto la bomba.

"Si umwambie tu ni ya huko," Mama Anita alikuwa akisema. "Ni mzee, macho hayaoni vizuri. Atajuaje? Unampea roho yake ipoe, hiyo si dhambi."

"Walimletea mgomba wakamwambia huyu ndiye mumeo. Akawafukuza."

"Lakini hii ni ndege, Aloyce. Si ndizi."

"Ni ndizi ya chuma, basi."

Kicheko cha Mama Anita kilianza kikakatika. Kisha nikamsikia akisema kwa upole nisioujua kwake, "Na wewe je? Wewe umeshamlilia huyo baba yako?" "Nitamliliaje?" Mzee akajibu. "Sina hata sura yake." Nilivuta blanketi hadi masikioni. Kuna maneno ambayo hata bomba halikupaswa kuyaleta.

Jumamosi iliyofuata Mzee hakutaka kwenda. Nilimwambia ribiti zetu zimebaki na Mpare hamwachii Mchaga kazi nusu, akainuka kwa shingo upande. Tulikuta Lenny ameshalitoa lile bati na kuweka jipya mwenyewe. La zamani alikuwa amelisugua kingo zake zisikate mtu, amelifunga ndani ya blanketi la jeshi, amelilaza juu ya meza tuliyolia mtori. Urefu wake ulikuwa kama wa mtoto mdogo. Wale wazee wa Kimarekani walisimama pembeni na vikombe vyao. Lenny akasema anajua si lenyewe, lakini Mzee amelifanyia kazi, ni lake. Mzee alitaka kukataa, nikamwona anatafuta maneno ya adabu, akashindwa, akalibeba mikononi na kuanza kwenda nalo mlangoni akiburuta mguu wake.

Sijui nani aliniinua. Nilimpita mbio, nikajilaza kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mlango, baridi ikanipanda hadi kwenye meno.

"Maiti haitoki!" nikapiga kelele. "Haitoki hapa mpaka nibembelezwe! Mnamtoa mtani wangu kama gunia, hata chai sijanywa!"

"Inuka, Mpare." Mzee alisimama juu yangu na mzigo wake. "Hii si maiti. Hili ni bati la shule."

"Mtani haulizi maiti imesoma wapi! Huyu Mchaga alinitukana akiwa hai, akakimbilia Bama asinilipe matusi yangu! Mwambie arudi tumalizane!"

Nilisikia kwanza kicheko, kile chake cha puani. Kikapanda, kikawa kikubwa, kikajaa banda lote, halafu kikageuka sauti nyingine niliyokuwa sijaisikia kwa mwanamume yeyote. Nilipoinua kichwa Mzee alikuwa amepiga magoti, amelikumbatia lile blanketi, anaita, "Baba! Baba! Baba wee!" kwa sauti ya mtoto. Mama Anita hakuwapo, Anita hakuwapo, tulikuwa sisi na wale wazee wenye mafuta mikononi. Lenny ndiye aliyeweka kikombe chake chini, akaja, akakaa sakafuni kando yetu. Tulikaa hivyo hadi mwanga wa vioo vya juu ukasogea. Siku ile nilipata jibu la swali alilouliza Lenny, utani unasaidia nini, na nilielewa pia kwamba sitarudi kwenye uhasibu.

Bado ilibaki simu. Mzee aliipiga asubuhi ya Jumapili baada ya kanisa, kule Kibosho ikiwa jioni, akaiweka kwenye spika katikati ya meza ya jikoni. Kwa mara ya kwanza nilikuwa juu, kwenye kiti, na si chini ya bomba. Bibi alipoambiwa mtani yupo aliacha Kichaga akasema Kiswahili, ili nami nisikie. Mzee akamweleza yote bila kupunguza: ndege, bati, rangi iliyochubuka, kwamba haikufika Bama wala haikumwona baba. Akasema kama mama anataka, atasubiri, atatafuta nauli ya kwenda huko huko, hata kama ni mwaka mwingine au miwili. Mama Anita alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono yote miwili.

Tukasikia kwenye simu kuku wa Kibosho wakigombea mahali pa kulala.

"Hao vijana waliofundishwa ndani yake," Bibi akauliza, "walikwenda vitani?"

"Walikwenda, mama."

"Wakarudi wote?"

"Hapana, mama. Wengi hawakurudi."

Alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo kichwani.

"Basi na mama zao walikaa mlangoni kama mimi. Kilete, mwanangu. Nitawaambia wachimbe shimo pana."